Mkubwa Akilewa, Amechangamka

Desemba imeingia na kamati zimeshakaa. Kuanzia Mbeya mpaka Iringa, kila ofisi ina kamati yake ya kufunga mwaka: mwenyekiti, mhazini, mtu wa vinywaji, mtu wa ukumbi, na yule dada wa masjala anayeangushiwa kazi zote zilizobaki. Kundi la WhatsApp limefunguliwa. Orodha ya majina imebandikwa, na mbele ya kila jina hali yake: huyu amelipa, huyu ameahidi, huyu yuko kimya. Jioni ikifika orodha inapandishwa upya ili wasiolipa waonekane vizuri zaidi. Chini yake mwenyekiti anaandika kwa adabu zote kwamba tusiangushane jamani, mwaka ni mmoja tu.

Mimi nasema tuangushane. Hafla hizi, kwa namna tunavyozifanya, zinastahili kuanguka chali mchana kweupe, na wa kwanza kuzisukuma wawe hao hao wanaotoa elfu ishirini ishirini ili wakapige makofi ya kulazimishwa. Tumedanganywa kwamba ni mapumziko. Mfanyakazi anavaa sare ya kitenge aliyoagizwa kununua, anafika saa aliyopangiwa, anakaa alipoelekezwa, anasimama mkubwa anapoingia, anacheka mkubwa anapotania, na haondoki mpaka mkubwa aondoke. Nionyesheni ni wapi hapo alipopumzika. Hiyo ni kazi kama kazi nyingine, ila siku hii hailipwi na gharama zake anazitoa yeye.

Mtu wa Dar es Salaam anaweza kuniona nakuza mambo. Yeye akimaliza kujiaibisha Masaki anarudi zake Mbagala, na Mbagala hakuna anayejua alimkumbatia nani. Sasa mchukue mtu huyo umpeleke Mgololo. Iache barabara kuu pale Mafinga, uingie ndani ya Mufindi, uyapite mashamba ya miti ya paina ya Sao Hill, tope la Desemba likiyachezesha magurudumu, mpaka harufu ya mti unaopikwa ikupokee kabla hujaliona bomba la moshi. Mji ule umezaliwa na kiwanda cha karatasi. Serikali ilikijenga miaka ya 1980 ilipoanza, kikasimama miaka ya 1990 ilipokuwa ikiisha, wawekezaji kutoka Kenya wakakinunua mwaka 2004, na uhai wa mji umekuwa ukipanda na kushuka pamoja na mtambo. Katika mji wa namna hiyo anayekupangia shifti ni jirani yako ukuta kwa ukuta. Mkewe mnaimba naye kwaya. Mwanawe na wako wanagombania dawati moja. Zahanati ni hiyo hiyo, duka ni hilo hilo, njia ni hiyo hiyo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wahenga hawakuwahi kuishi kota.

Nieleweke vizuri. Kiwanda kile sikishitaki kwa lolote. Haya nitakayoyasema nimeyaona kwenye kumbi za mijini, na wenyewe wakisoma watajijua bila mimi kuwataja. Mgololo naichukua kama mizani tu. Hafla ambayo ikifanyika Mgololo itaacha watu wakikwepana njiani hadi Pasaka, basi hata Masaki haifai. Kule ni ukubwa wa mji unaowafichia watu aibu yao.

Tuanze na meza kuu, maana ndiyo mzizi wa fitina.

Ukumbi umepambwa vitambaa na riboni. Mbele, juu ya jukwaa, meza ndefu ina maua ya plastiki, maji ya chupa na viti vyenye migongo mirefu; nyuma kumepangwa viti vya plastiki vya kukodi. Mwaliko ulisema saa kumi alasiri. Saa kumi na moja wadogo wote wameshakaa, sare zimewanyookea. Saa mbili usiku anaingia mgeni rasmi, ambaye ni bosi yule yule waliyeachana naye mchana ofisini, lakini leo anapokewa kwa muziki na vigelegele kana kwamba ametoka vitani. Mshereheshaji anatangaza kwamba itifaki imezingatiwa. Zinafuata hotuba: ya mwenyekiti wa kamati, ya mwakilishi wa wafanyakazi (ameandikiwa na ofisi ya utumishi), ya neno la shukrani, halafu ya mgeni rasmi mwenyewe, ambaye anasoma takwimu za mwaka mzima, anawakumbusha watu kuhusu kuchelewa kazini, anatania unene wa mhasibu, na anaahidi kwamba mwakani mambo yatakuwa mazuri. Mwakani huyo tunaahidiwa kila mwaka.

Ndipo chakula. Meza kuu inatangulia. Wakuu wa idara wanafuata, na wenza wao, na wageni wa wenza wao. Kijana wa stoo akifika kwenye masufuria, mbuzi amebaki mifupa na kuku amebaki shingo, ila wali upo wa kutosha, mwanangu chota tu. Kuponi yake inasema bia mbili au soda tatu. Kule jukwaani hakuna anayeulizwa kuponi. Na Mwislamu wa ofisi, ambaye kila mwaka anauliza nani kachinja, na kila mwaka anajibiwa usijali shekhe, anaishia kula kachumbari.

Kijana wa stoo kachangia elfu ishirini. Mkubwa naye kachangia elfu ishirini, akaongeza kreti mbili za bia mbele ya kipaza sauti, ukumbi mzima ukasimama kumshangilia. Pimeni kila ishirini kwenye mfuko ilikotoka, halafu mniambie nani alistahili kushangiliwa.

Hapa ndipo hasira yangu inapopanda, kwa sababu sisi watu wa nyanda hizi hatukuzaliwa na ujinga huu. Tuna mgowe. Shamba likikushinda unaita majirani, wewe unaandaa pombe na chakula, wao wanakuja na majembe yao. Wanalima. Kazi ikiisha wanakaa chini, chombo kinazunguka, na mwenye shamba ndiye anayehudumia: anamimina, anauliza nani hajapata, anamfuata yule mzee aliyekaa pembeni, na yeye mwenyewe anakula mwisho. Asipofanya hivyo, msimu ujao atalima peke yake. Sijapata kusikia, kwa Wahehe wala kwa Wabena, mwenye shamba akipitisha daftari la mchango kwa watu waliomlimia. Sijapata kusikia amejijengea jukwaa kando ya tuta ili awahutubie juu ya uzembe wao. Hata kwenye kilabu cha ulanzi, ambako wasomi wetu wanapita wameziba pua, benchi ni moja na lita ni ile ile kwa mwalimu na kwa mchoma mkaa.

Mwajiri ni mwenye shamba. Tumemlimia miezi kumi na miwili. Kutulisha ni deni lake, na deni halilipwi kwa kumchangisha anayedai.

Sasa niingie penye moto wenyewe.

Saa nne usiku hotuba zimekwisha na meza kuu imeshuka. Mkubwa amelegeza tai. Macho yake yanatua kwa binti wa mapokezi, aliyeajiriwa kwa mkataba wa mwaka. Hamwiti yeye; anamnong'oneza mshereheshaji, na mshereheshaji anamtaja binti kwa jina kupitia kipaza sauti, ukumbi wote usikie, kwamba leo kabahatika, atafungua muziki na mgeni rasmi. Binti anacheka kile kicheko cha kujificha. Anatazama kulia, anatazama kushoto, anatafuta mtu wa kumwokoa. Walioketi naye meza moja ndio wanaomsukuma: nenda bwana, usimwaibishe bosi. Anakwenda. Mkono wa mkubwa unaanzia begani. Wimbo ni mrefu, na fundi wa muziki, ambaye naye anataka kuitwa tena mwakani, anaurudia.

Nawauliza mliopiga makofi: mkataba wa binti yule unakwisha lini? Mikataba ya mwaka mmoja mmoja mara nyingi huishia Desemba 31. Hafla mmeiweka wiki ile ile ambayo mkubwa yule yule ana faili mezani la kuamua nani aongezewe na nani aage. Mtu akiniambia kwamba binti alikuwa huru kukataa, namwambia ni mwongo, na anajua kuwa ni mwongo.

Tena nitasema lisilopendwa. Mkubwa namlaani, lakini meza ile iliyomsukuma binti naichukia zaidi. Mkubwa mmoja hawezi kumshika mtu katikati ya watu themanini mpaka wale themanini wamruhusu. Wanaruhusu kwa makofi. Wanaruhusu kwa simu zilizoinuliwa kurekodi. Wanaruhusu kwa kugeuza shingo kuangalia keki. Halafu Jumatatu, kwenye chai ya saa nne, hao hao waliomsukuma ndio wanaoulizana: umeona lakini alivyojirahisi? Video inazunguka kwenye status, inavuka ofisi, inafika kanisani kabla ya Jumapili. Kwenye mji mkubwa uvumi utapoa. Mahali kama Mgololo binti atakutana na video ile machoni mwa muuza vocha, mwa mwalimu wa mtoto wake, mwa mama mkwe. Na mliompeleka pale ni ninyi, wafanyakazi wenzake, mnaomwita dada.

Wanaojitetea husema hayo ni mambo ya nje ya kazi. Nani kawaambia? Juni 2019, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190 wa kupinga ukatili na unyanyasaji kazini, na ndani yake zikatajwa waziwazi safari za kikazi, mafunzo, matukio na shughuli za kijamii zinazohusiana na kazi. Walioandika maneno yale walikuwa wamehudhuria hafla. Sheria yetu wenyewe ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inauhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo au haki. Hakuna mahali sheria hiyo inaposema isipokuwa muziki ukiwa unapigwa.

Waingereza jambo hili wamelimaliza mahakamani. Desemba 2011, baada ya hafla ya Krismasi ya kampuni iitwayo Northampton Recruitment, baadhi ya watu walihamia hotelini kuendelea kunywa. Usiku wa manane maongezi yakageukia mambo ya kazi. Mkurugenzi akaona mamlaka yake yanahojiwa, akaanza kuwahutubia walio chini yake kwamba mwenye uamuzi ni yeye, na mmoja alipombishia akampiga ngumi. Mtu yule alianguka akaumia ubongo. Kampuni ikajitetea kwamba hafla ilishakwisha, pale walikuwa walevi tu hotelini. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikaukataa utetezi huo: mkurugenzi alipopiga alikuwa akitetea ukurugenzi wake, kwa hiyo kampuni inawajibika. Majaji wale waliona kitu ambacho kila karani wa Mafinga anakijua bila kusomea sheria. Tai inalegea, cheo hakilegei.

Na pombe? Pombe inasingiziwa bure. Kwenye ofisi moja ambayo siitaji, fundi mmoja alikunywa bia zake za kuponi, akanunua nyingine kwa fedha yake, akapata ujasiri alioukosa tangu Januari. Akanyanyuka katikati ya neno la shukrani, akauliza posho ya usiku imekwenda wapi. Fahamuni kwamba posho hiyo si fadhila: sheria inamtaka mwajiri aongeze walau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo lile lilikuwa swali zuri kuliko hotuba zote za siku ile. Walinzi wakamtoa nje, watu wakicheka. Januari akapewa barua ya kujieleza kwa nini asichukuliwe hatua kwa kuidhalilisha ofisi mbele ya wageni.

Usiku huo huo mkubwa alikuwa amemtukana dereva matusi ya nguoni mbele ya mke wa dereva. Januari hakuandikiwa mtu barua. Tuliambiwa mzee alikuwa amechangamka. Ndiyo kanuni yetu ya ulevi kazini: mdogo akilewa amekosa nidhamu, mkubwa akilewa amechangamka.

Tumwangalie na dereva mwenyewe, kwa kuwa hamumuoni kwenye picha. Saa nane usiku ukungu umeshuka mpaka kwenye kioo, baridi ya Mufindi inapenya soksi, naye yuko ndani ya gari tangu jioni. Ameletewa sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, imeshaganda mafuta. Atawarudisha watu watano waliolewa, mmoja akitapikia dirishani, kwenye barabara ambayo alfajiri itajaa malori ya magogo. Saa moja na nusu asubuhi anatakiwa aripoti. Sheria inasema saa tisa kwa siku na saa 45 kwa wiki, zinazozidi zilipwe mara moja na nusu, na za sikukuu ya taifa maradufu. Waulizeni wahasibu wenu kama wamewahi kuziandika saa za dereva za usiku wa hafla. Mimi nimeuliza. Nilichekwa.

Wapo na wengine. Kiwanda kinachokwenda saa ishirini na nne hakizimwi kama redio, kwa hiyo ipo shifti ambayo daima inaisikia hafla kwa mbali. Wapo walinzi. Wapo wanawake wa usafi, ambao wanaalikwa kwa maneno haya: mje mapema msaidie jikoni. Na wapo vibarua, wale wanaokata, wanaopakia, wanaopasua mbao kwenye mashine ziitwazo dingdong, ambao jasho lao ndilo lililotoa zile takwimu anazozisoma mgeni rasmi. Kwao hafla ina maana moja. Ofisi imefungwa saa sita, na anayelipwa kwa kutwa siku hiyo hana kutwa. Karani anakwenda kunywa, kibarua anakwenda kulala njaa, na wote tunaambiwa ni familia moja.

Charles Dickens, Mwingereza, alipoandika A Christmas Carol mwaka 1843, alimweka humo mfanyabiashara mmoja aitwaye Fezziwig, ambaye mkesha wa Krismasi anafunga kazi, anasogeza vitu pembeni ya ghala lake, na kuwaita wote. Mtumishi wa ndani anaingia kucheza, mpishi naye anaingia kucheza. Mwaka 1843, nchi ya mabwana na watwana, mpishi alicheza. Huku kwetu, nchi ya ndugu, mpishi anaosha masufuria.

Najua jibu la kamati. Watasema tunajenga umoja. Siku hizi jambo hilo lina jina la kisasa, tim bildingi, na watu hukodiwa basi wakavute kamba huku wakipigwa picha. Umoja gani huo ambao lazima ununuliwe kreti kwa kreti? Mwaka 2015 John Magufuli, akiwa na wiki chache tu Ikulu, aliifuta sherehe ya Uhuru ya Desemba 9 watu wakashika mafagio, akaelekeza sehemu kubwa ya fedha za tafrija ya wabunge ikanunue vitanda vya Muhimbili, na kadi za sikukuu zinazochapishwa kwa fedha za serikali zikapigwa marufuku. Kuna mengi ya kumlaumu Magufuli na safu hii haitoshi. Lakini Desemba ile sikusikia ofisi iliyokufa kwa kukosa umoja. Kasoro ilikuwa moja: zilifutwa kwa sababu ya gharama, hakuna aliyeuliza habari za meza kuu. Ndiyo maana ziliporudi zilirudi na meza yake.

Na wapo waliouliza zamani. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani walikishika kifungu hicho kama silaha. Katika miaka iliyofuata waliweka zana chini hapa na pale kwa sababu meneja kawatolea lugha chafu, si kwa ajili ya mshahara peke yake. Wazee wale hawakuwa matajiri kuliko sisi, wala hawakuwa na ajira za ziada mfukoni. Walisimamisha mitambo kwa ajili ya dharau. Sisi dharau hiyo hiyo tunaichangia elfu ishirini na kushona sare.

Sikatai watu kufurahi, na asiseme mtu kwamba nimeokoka vibaya. Bia naijua. Ninachotaka ni mgowe. Mwajiri agharamie yote kutoka mfuko wake. Ifanyike mchana, siku ya kazi, saa zinazolipwa, na kibarua aandikiwe kutwa yake kamili kama aliyekuwa porini. Jukwaa libomolewe. Anayetaka kutoa shukrani atoe dakika tatu akiwa amesimama chini, na takwimu abaki nazo. Wakuu wa idara wafunge aproni wapakue, waanze na walinzi na wanawake wa usafi, wao wale mwisho; mshangae jinsi nyama itakavyotosha siku hiyo. Muziki upigwe, anayetaka kucheza acheze na aliyemtaka, na mshereheshaji atakayemwita mwanamke kwa jina aje kucheza na bosi anyang'anywe kipaza sauti pale pale na mtu wa karibu, yeyote, hata mhazini. Saa kumi na moja jioni dereva awashe gari akiwa ameshiba.

Kama hilo linawashinda, basi ligawanywe fungu: mchele, mafuta ya kupikia, nyama kilo kadhaa, kila mtu akale na wanawe. Wako wengi ambao wangelia machozi kwa furaha, nao hawasemi kwenye kundi kwa sababu mwenyekiti wa kamati ndiye anayesaini likizo zao.

Wafanyakazi wenzangu, nawaomba jambo moja mwaka huu. Akiitwa mtu mbele na mkamwona anatazama kulia na kushoto, msimsukume. Simameni wawili, semeni anakaa na sisi. Hakuna bosi anayeweza kuwaandikia barua watu themanini.

Na wewe uliyekatwa tayari mchango wa hafla kwenye mshahara, sikia hili. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamzuia mwajiri kukata kitu kwenye ujira wako, isipokuwa pale sheria, makubaliano ya pamoja au amri ya mahakama inaporuhusu, au kama ni deni ulilolikubali kwa maandishi. Kukaa kimya kwenye kundi la WhatsApp si maandishi. Kama hati yako ya mshahara wa Novemba ina makato ya hafla na hukusaini popote, ichukue uende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ofisi zipo Iringa na Mbeya, na kupeleka lalamiko hakulipiwi. Unazo siku 60 tangu ulipokatwa.